Nani amepokea mbonyezo? Visanduku vya tiki na animesheni katika slaidi

Hotuba kwa walimu na wakufunzi, Goma

Mapapa na mamama, walimu na wakufunzi, jambo kwenu wote.

Tutazame slaidi moja tu ya PowerPoint, hii iliyo ukutani. Juu imeandikwa: "Weka tiki kwenye sentensi za kweli kuhusu mazuku." Chini yake kuna mistari minne, kila mmoja na kisanduku chake. Wa kwanza: gesi ya mazuku haina rangi wala harufu. Wa pili: ni nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo hupanda juu. Wa tatu: hujikusanya mabondeni na kwenye mashimo. Wa nne: kitambaa chenye maji puani kinatosha kukulinda nayo. Za kweli ni ya kwanza na ya tatu. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, ndiyo maana inalala chini, pale pale mbuzi na watoto wadogo wanapovutia pumzi. Na kitambaa hakiichuji, hata kilowe vipi.

Mwalimu anataka jambo dogo. Mwanafunzi aje mbele, abonyeze kisanduku, tiki ijichore. Akibadili mawazo, abonyeze tena, tiki iondoke. Basi. Lakini darasani mara nyingi hutokea mengine: anabonyeza, na slaidi nzima inaruka kwenda inayofuata. Au tiki inaingia, kisha haitoki tena. Au inataka kubonyezwa mara tatu ndipo ifanye jambo moja. Wengine huishia kusema kompyuta ni mbovu.

Kompyuta ni nzima. Slaidi inapoonyeshwa, kila mbonyezo una mpokeaji mmoja tu: umbo lililo juu kabisa pale mshale ulipo, na kama umbo hilo halikupewa kazi yoyote, mbonyezo unachukuliwa na slaidi yenyewe, nayo inasonga mbele. Kwa hiyo kisanduku kikigoma, kabla ya kugusa animesheni yoyote, uliza kwanza: nani amepokea mbonyezo? Karibu yote tutakayosema leo ni majibu ya swali hilo.

Majina ya vitufe tutayataja kwa Kifaransa, kwa kuwa ndivyo PowerPoint inavyoandika kwenye mashine zetu nyingi hapa. Neno la kushika ni "Déclencheur". Sisi tutaliita kichocheo: umbo ambalo likibonyezwa huanzisha animesheni ya umbo jingine.

Kisanduku kilicho tayari, na kwa nini tunakiacha

Kwenye kichupo cha "Développeur" kuna kisanduku cha tiki kilichotengenezwa tayari. Kichupo chenyewe kimefichwa. Kinafunguliwa kupitia "Fichier", "Options", "Personnaliser le ruban". Kisanduku hicho ni cha aina ya ActiveX, yaani vipande vidogo vya programu vya Microsoft vinavyopachikwa ndani ya faili. Kinaweka tiki kweli na kuitoa kweli, lakini kwenye Windows tu. Kwenye Mac, kwenye simu na ndani ya kivinjari hakifanyi kazi. Zaidi ya hapo, kuanzia Office 2024 Microsoft imeizima ActiveX tangu usakinishaji, na mwaka 2025 Microsoft 365 ikafuata njia hiyo hiyo. Ukitengeneza somo lako juu ya kisanduku hicho, siku utakapolipeleka kwenye kompyuta mpya ya mtu mwingine utakuta sanduku limekufa, na hapo huwezi kumwomba mwenye mashine abadili mipangilio ya usalama wake kwa ajili ya tiki nne. Tukiache.

Kisanduku cha kuchora

Tunachokitengeneza ni kiinimacho: mraba usiobadilika, tiki inayoingia na kutoka, na kichocheo kinachoamuru. Vichocheo vimo ndani ya PowerPoint tangu toleo la 2002, kwa hiyo hata ile kompyuta ya zamani ya sekretariati itaweza. Kwenye toleo la 2007 hakuna kitufe cha "Déclencheur" juu. Hapo unakipata kwa kubonyeza mara mbili mstari wa animesheni na kufungua "Minutage". Tangu 2010 kitufe kiko wazi kwenye kichupo cha "Animations".

Anza na vipimo. Slaidi ya kawaida ya upana wa 16:9 ina sentimita 33,87 kwa 19,05. Kichwa cha somo kiachie sentimita 5 za juu. Kila mstari upe kimo cha sentimita 2, na nafasi ya nusu sentimita kati ya mstari na mstari. Mistari minne itakula sentimita 9,5, nawe utabakiwa na sentimita 4,5 chini kwa ajili ya vitufe. Mraba wa kisanduku: sentimita 1,2 kwa 1,2. Herufi zisipungue ukubwa wa 20, maana projekta nyingi tulizo nazo mwanga wake umekwisha kuchoka na madirisha ya madarasa hayana mapazia.

Tiki usiiandike kwa herufi. Wengi hutumia Wingdings, fonti ya alama badala ya herufi, ambamo herufi ya namba 252 huonekana kama tiki. Inapendeza mpaka faili ifunguliwe kwenye simu au kompyuta isiyo na Wingdings. Hapo tiki inageuka kuwa "ü", na darasa zima linauliza hicho ni nini. Chora tiki kwa "Forme libre": pointi tatu, mstari wa unene wa 6, rangi ya kijani. Mchoro haujali fonti ipo au haipo.

Sasa tumefika kwenye umbo ambalo watu wengi hawalitengenezi, na ndilo linalobeba kazi yote. Tunaliita kifuniko. Ni mstatili mmoja mrefu unaofunika mstari mzima: mraba, tiki na sentensi yake, kimo sentimita 2, upana kama sentimita 20, ili upande wa kulia ubaki wazi kwa maelezo. Kifuniko hakionekani, lakini ndicho kinachobonyezwa.

Kwa nini tusibonyeze mraba wenyewe? Kwa sababu tiki ikishaingia inakaa juu ya mraba. Mbonyezo wa pili unaangukia tiki, na tiki haikupewa kazi ya kupokea chochote, basi unaishia kwa slaidi na slaidi inaruka. Ndiyo ile "tiki inaingia lakini haitoki". Wako wanaoiponya kwa kuifanya tiki iwe kichocheo cha kujiondoa yenyewe. Inawezekana, ila tiki iliyochorwa kwa mstari ni nyembamba, na mwanafunzi atalazimika kuulenga ule mstari kama anayetunga uzi kwenye sindano. Kifuniko kinampa nafasi ya kidole kizima, na sentensi nayo inabonyezeka, jambo ambalo kila mtu hulitazamia bila kuambiwa.

Namna ya kukificha kifuniko ina mtego wake. Ukichagua "Aucun remplissage", umbo linakuwa na tundu: mbonyezo unapita katikati yake na kumwangukia aliye chini. Chagua "Remplissage uni", kisha peleka "Transparence" hadi 100 %, na kwenye mstari wa pembeni weka "Aucun trait". Kwa macho mambo hayo mawili hayana tofauti. Kwa mshale wa kipanya tofauti yake ni ya ukuta na mlango.

Kabla ya animesheni hata moja, yape maumbo majina. Bonyeza Alt+F10, "Volet Sélection" itafunguka. Kwenye laptopu nyingine utahitaji kushika Fn pia. Bonyeza mara mbili kila jina ulibadilishe: kisanduku_1, tiki_1, maelezo_1, kifuniko_1, halafu namba 2, 3 na 4. Katika orodha hiyo aliye juu ndiye aliye mbele kwenye slaidi, kwa hiyo vifuniko vyote vinne vikae juu kabisa. Ukiruka hatua hii, utakapofungua orodha ya vichocheo utakutana na "Rectangle 14", "Rectangle 17", "Rectangle 23", nawe utabahatisha. Ukinakili mstari mzima ili kuokoa muda, kagua majina mara moja, maana nakala inaweza kubaki na jina la mama yake, na orodha itakuonyesha vifuniko viwili vyenye jina moja.

Katika "Volet Sélection" kila jina lina alama ya jicho. Ni nzuri sana kwa kukiondoa kifuniko njiani unapotaka kurekebisha maandishi ya chini yake. Lakini umbo lililofungwa jicho halipokei mbonyezo wakati wa kuonyesha. Fungua macho yote kabla ya kuhifadhi.

Mpangilio wa animesheni

Chagua tiki_1. Kwenye "Animations" mpe "Balayer", na katika "Options d'effet" chagua itokee kushoto: tiki itajichora kama imeandikwa kwa mkono. Muda wake, yaani "Durée", uwe sekunde 0,25. Mashine iliyopangwa kwa Kifaransa inaandika koma, si nukta. Tunasikia watu wakipenda tiki inayodundadunda kama mpira. Hebu tupige hesabu: sekunde 2 kwa kila tiki, tiki 4, makundi 10 ya wanafunzi, ni sekunde 80 darasa zima limekaa likingoja mpira utulie. Robo ya sekunde inatosha.

Bado tiki_1 ikiwa imechaguliwa, iongezee animesheni ya kutoka. Hapa ndipo mkono hukosea kuliko mahali pengine pote. Ukirudi kwenye ile orodha ya kwanza ya animesheni na kuchagua nyingine, hujaongeza. Umebadilisha, na "Balayer" imefutika. Tumia "Ajouter une animation", shuka hadi zile zenye nyota nyekundu, chagua "Disparaître". Nyota ya kijani ni ya kuingia, ya manjano ni ya kusisitiza, nyekundu ni ya kutoka. Ukitazama "Volet Animation", orodha ya animesheni za slaidi, tiki_1 lazima ionekane mara mbili, moja ya kijani na moja nyekundu. Ikionekana mara moja, umefuta bila kujua.

Sasa chagua mistari yote miwili kwa kushika Ctrl, bonyeza "Déclencheur", na katika orodha ya maumbo chagua kifuniko_1. Mistari yote miwili ianze "Au clic". Utaiona imeshuka chini ya orodha, chini ya kichwa chenye jina la kifuniko_1. Kila kichocheo kina foleni yake, nayo foleni hiyo huzunguka: mbonyezo wa kwanza unacheza wa kwanza, wa pili unacheza wa pili, wa tatu unarudi mwanzo. Kwa foleni ya watu wawili, mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, umekwisha kupata kisanduku kinachowashwa na kuzimwa, bila mstari hata mmoja wa programu.

Na hapa nataka twende polepole, kwa sababu maelezo yakiongezwa foleni huharibika. Tunataka tiki ya kwanza ikiingia, pembeni yake yatokee maneno: "Kweli: huwezi kuiona wala kuinusa." Umbo ni maelezo_1, liko kulia nje ya kifuniko. Ulipe "Estomper" ya kuingia na "Disparaître" ya kutoka, kichocheo kile kile kifuniko_1, na yote mawili yaanze "Avec la précédente". Ukijaribu sasa utaona ajabu: tiki inaingia peke yake, na maelezo yanatokea wakati tiki inaondoka. Sababu ni foleni. Animesheni mpya huwekwa mwishoni, kwa hiyo mpangilio ni tiki kuingia, tiki kutoka, maelezo kuingia, maelezo kutoka; na "Avec la précédente" maana yake ni kumfuata aliye juu yako moja kwa moja, ambaye sasa ni tiki inayotoka. Yavute kwa kipanya: tiki kuingia, maelezo kuingia, kisha tiki kutoka, maelezo kutoka. Wa kwanza na wa tatu ni "Au clic". Wa pili na wa nne ni "Avec la précédente".

Mkiwa na kisanduku kinachotaka mibonyezo mitatu au minne, hesabuni alama za kipanya kwenye foleni yake. Zinatakiwa kuwa mbili. Kila inayozidi ni mbonyezo mmoja uliopotea.

Maelezo ya kila mstari yawe na mahali pake. Mtu akiyaweka yote manne kwenye nafasi moja chini ya slaidi, akidhani yatapokezana, mwanafunzi akiweka tiki mbili maneno yatapandana na hayatasomeka. Tena yasilale juu ya kifuniko cha mstari mwingine, maana yakitokea yatakula mbonyezo wa mwenzake.

Slaidi yetu ikikamilika itakuwa na mistari 16 kwenye "Volet Animation", minne kwa kila kifuniko. Na kama ulitaka kuunganisha maumbo kwa "Grouper", fanya hivyo kabla. Ukiunganisha maumbo yaliyokwisha kupewa animesheni, animesheni zake zinafutika, na kazi ya saa nzima imekwenda na maji.

Slaidi inayoruka

Mwanafunzi akibonyeza nje ya kifuniko, slaidi inapokea. Dawa iko kwenye kichupo cha "Transitions": pale penye "Passer à la diapositive suivante", ondoa tiki ya "Manuellement". Sasa mbonyezo wa kipanya uliokosa shabaha haufanyi lolote. Vitufe vya mishale vya kibodi bado vinasogeza slaidi, kwa hiyo mwalimu hajafungiwa ndani. Lakini anayetumia kipanya tu umwekee kitufe cha "Endelea" chenye kiungo cha kwenda slaidi inayofuata. Kama mashine itaachwa peke yake mapokezini, ambapo kila mpita njia anagusa, nenda "Diaporama", "Configurer le diaporama", uchague ile ya "borne". Hapo hata mishale ya kibodi haisogezi slaidi; vinafanya kazi viungo na vichocheo vyako tu, na njia ya kutokea ni Échap.

Kuna kipimo chepesi cha kujua nani atapokea mbonyezo kabla hujabonyeza. Pitisha mshale juu ya kifuniko wakati wa kuonyesha. Ukigeuka kuwa mkono, kichocheo kipo na kiko juu. Ukibaki mshale, ama kifuniko kiko nyuma ya kitu, ama umekipa "Aucun remplissage", ama jicho limefungwa, ama uliweka kichocheo kwa umbo lenye jina la kufanana. Na kama huoni mshale wala mkono bali nukta yenye rangi, umebonyeza Ctrl+P na kalamu imewaka: utachora, hutaweka tiki. Ctrl+A inarudisha mshale.

Rimoti ya kawaida ya slaidi haiwezi kuweka tiki. Inachotuma ni amri ile ile ya kitufe cha ukurasa ufuatao. Haina mshale, kwa hiyo haina pa kubonyeza. Skrini ya kugusa inaweza, kidole ni kipanya. Ukiwa na laptopu na projekta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja, na uzime mwonekano wa msemaji. Vinginevyo unaangalia skrini yenye dondoo zako huku kifuniko cha kubonyezwa kiko ukutani nyuma yako.

Kisanduku hakikumbuki

Tuwe wakweli juu ya kiinimacho chetu. Animesheni haijui kama tiki ipo. Inajua foleni imefika wapi, basi. Unaweza kuongeza kitufe cha "Onyesha majibu": kichocheo kimoja, alama nne za kijani na nyekundu pembeni ya mistari, ya kwanza "Au clic", tatu zilizobaki "Avec la précédente". Kitaonyesha majibu sahihi, lakini hakitalinganisha na tiki za mwanafunzi. Kulinganisha ni kazi ya macho ya darasa, na kwa maoni yetu hilo ni jema zaidi: wanabishana wenyewe kwa nini ya pili ina nyekundu.

Kitufe cha "Futa zote" ndicho kinachowatesa watengenezaji. Wanakipa "Disparaître" kwa tiki zote nne, wanakijaribu, tiki zinatoka, wanafurahi. Halafu mwanafunzi anabonyeza kisanduku cha kwanza na hakuna kitu. Anabonyeza tena, tiki inaingia. Kilichotokea ni kwamba tiki ilifutwa na foleni ya kitufe, lakini foleni ya kifuniko_1 bado ilikuwa inangoja hatua yake ya pili, ya kutoa. Mbonyezo wa kwanza ulitoa tiki ambayo haipo.

Usifute kwa animesheni. Tengeneza nakala ya slaidi, iondolee tiki, maelezo, vifuniko na animesheni zote, uiweke mara moja kabla ya slaidi ya zoezi. Kwenye "Transitions" iambie isonge yenyewe baada ya sekunde 0, na isiwe na mpito wowote wa kupamba. Kitufe chako, kipe jina "Anza upya", kiunganishe na nakala hiyo. Kinapobonyezwa, slaidi inarudi nyuma hatua moja na kuingia tena kwenye zoezi, nalo linaanza na foleni safi. Mtazamaji anaona tiki zimepotea tu. Ndiyo maana pia mkitoka kwenye zoezi na kuliingia upya msitazamie kukuta tiki za awali.

Anayetaka kisanduku kinachokumbuka atalazimika kuandika makro, yaani programu ndogo inayokaa ndani ya faili. Ni fupi. Fungua Alt+F11, weka moduli mpya, uandike:

Sub GeuzaTiki(umbo As Shape)
  With umbo.TextFrame.TextRange
    If .Text = "" Then
      .Text = ChrW(10003)
    Else
      .Text = ""
    End If
  End With
End Sub

Namba 10003 ndiyo alama ya tiki katika Unicode, orodha ya kimataifa ya namba za herufi na alama. Chagua mraba wa kisanduku wenyewe, nenda "Insertion", "Action", "Exécuter la macro", chagua GeuzaTiki. Fanya hivyo kwa miraba yote minne, makro ni ile ile, kwa sababu PowerPoint inaikabidhi umbo lenyewe lililobonyezwa. Kwa njia hii kifuniko hakihitajiki, na tafadhali kiondoe, maana kitaziba. Umbo moja lisiwe na makro huku likiwa pia kichocheo cha animesheni. Chagua bwana mmoja.

Tofauti utaiona ukifunga onyesho: tiki bado ipo, imeandikwa ndani ya faili. Darasa la mchana litakuta majibu ya darasa la asubuhi. Kwa hiyo ongeza makro ya kufuta, ukidhani zoezi liko slaidi ya 3:

Sub FutaZote()
  Dim i As Integer
  For i = 1 To 4
    ActivePresentation.Slides(3).Shapes("kisanduku_" & i).TextFrame.TextRange.Text = ""
  Next i
End Sub

Hapo mnaona faida nyingine ya kuyapa maumbo majina. Faili yenye makro lazima ihifadhiwe kama .pptm, ukiihifadhi kama .pptx makro zinatupwa. Na tangu 2022 Office inazuia makro za faili zilizotoka kwenye intaneti, zikiwemo zilizopakuliwa kutoka barua pepe. Aliyeipokea abonyeze faili kwa kitufe cha kulia, afungue "Propriétés", aweke alama ya kuondoa kizuizi chini ya dirisha, kama anakuamini. Kwa kuwa hili ni ombi kubwa kwa mtu asiyekujua, sisi hutumia makro kwenye mashine zetu wenyewe tu; kinachotoka nje kinatoka na vichocheo.

Kuhusu kutoka nje: ukihifadhi kama .ppsx, faili inafunguka moja kwa moja kwenye onyesho. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, isiwe picha. PDF inaua animesheni zote, na video haibonyezwi. LibreOffice Impress ina vichocheo vyake, katika mipangilio ya muda ya kila animesheni, lakini faili iliyotoka PowerPoint ijaribiwe mstari kwa mstari kabla ya kuiamini. Google Slides haina kichocheo cha umbo. Huko njia ni viungo kati ya slaidi: moja isiyo na tiki, nyingine yenye tiki, kubonyeza ni kuhama. Hesabu yake ni kali: visanduku 3 vinataka slaidi 8, visanduku 4 slaidi 16, visanduku 5 slaidi 32, kwa kuwa kila mchanganyiko wa tiki unahitaji slaidi yake. Ila kama orodha yako inafuatwa kwa utaratibu mmoja, mfano hatua za kunawa mikono, ya pili haiji kabla ya ya kwanza, basi hatua 4 zinataka slaidi 5 tu, na hapo Google Slides inafaa kabisa.

Sasa tufungue mashine, mapapa na mamama. Wawili wawili kwa kila laptopu, mmoja atengeneze, mwingine abonyeze ovyo kama mwanafunzi asiyesikiliza. Anzeni na Alt+F10.